Kiporo cha mkeka: kwa nini kazi ya mkono isiyoisha huchosha akili

Katika nyumba nyingi za pwani, nyuma ya mlango wa chumba pameegemezwa kitu kilichoanzwa. Pengine ni ukili uliosukwa pima kadhaa, umekunjwa na kufungwa uzi, unangoja kushonwa uwe mkeka. Pengine ni kofia ya mkono iliyofika nusu, au foronya iliyodariziwa ua moja kati ya manne. Mwenye nacho hupita mbele yake kila siku, akienda kuchota maji, akirudi pwani, akimbeba mtoto. Hakigusi, lakini kila akipita moyo humwambia: bado.

Tumfikirie mama mmoja wa Mlingotini, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kilichopo kusini mwa mji wa Bagamoyo, ukishapita Kaole na Mbegani. Ni mama wa mfano tu, ila wengi watajiona ndani yake. Ana kamba zake za mwani baharini, ana watoto watatu, ana mume anayevua usiku. Ana pia mkeka aliouanza kabla ya Ramadhani, kwa sababu anapenda kusuka na rangi humfurahisha. Bintiye humuuliza, "Mama, mkeka huu utaisha lini?" Naye hujibu, "Inshallah, mwanangu." Hana siku ya kuitaja.

Katika michezo na mahakamani tunaviita vitu vya namna hii viporo: mechi za viporo, kesi za viporo. Nyumbani pia vipo, na wanasayansi wa akili wamevichunguza kwa karibu miaka 100. Waliyoyaona yanaweza kumsaidia mama huyu, na yanaweza kumsaidia pia karani wa Dar es Salaam mwenye gitaa lisilopigwa au mwalimu mwenye riwaya iliyokwama sura ya pili.

Akili haipendi kuachia njiani

Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, mzaliwa wa Lithuania aliyesoma Berlin chini ya Profesa Kurt Lewin, alichapisha utafiti uliompa jina. Aliwapa watu kazi ndogondogo, zikiwemo kutunga shanga, kufinyanga udongo na kupiga hesabu. Nusu ya kazi hizo aliwaacha wazimalize. Nusu nyingine aliwakatiza katikati. Baadaye alipowauliza walichokumbuka, waliitaja zaidi ile waliyokatizwa. Mwaka uliofuata mwenzake, Maria Ovsiankina, aliangalia jambo jingine: mtu aliyekatizwa, akiachwa peke yake, hufanya nini? Wengi waliirudia kazi yao wenyewe, bila kuamrishwa na bila malipo.

Sayansi hujisahihisha, na hapa imejisahihisha. Mapitio ya tafiti za miaka mingi yaliyochapishwa 2025 yalionyesha kwamba ile hoja ya kumbukumbu haisimami vizuri: si kila mara tunakumbuka zaidi tulichokiacha. Hoja ya Ovsiankina ndiyo iliyodumu. Kazi iliyoanzwa humvuta mtu airudie.

Mvuto huo ni neema pale penye nafasi ya kurudi, maana bila huo hakuna ngalawa ambayo ingechongwa ikamalizika. Shida huja pale mvuto upo na nafasi haipo. Akili inayoshika mambo ya papo hapo ina uwezo mdogo. Makadirio yanayokubalika na wengi ni kwamba hushika takriban mambo manne kwa mara moja. Mama anayefunga mbegu kwenye kamba ya mwani huku akiwaza mkeka, ada ya shule na kikohozi cha mtoto ameshaijaza akili yake kabla jua halijapanda.

Mtafiti Sophie Leroy alieleza mwaka 2009 kwamba mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kule alikotoka, hasa ikiwa kazi ya kwanza haikukamilika. Mwili umefika pwani, nusu ya mawazo imebaki nyuma ya mlango. Kazi iliyo mkononi huharibika kidogo, na mtu hujilaumu kuwa ni mzembe.

Mawazo hayo yakirudi usiku, mwili nao hulipa. Kulizungusha jambo kichwani huuweka mwili katika hali ya tahadhari hata baada ya chanzo kupita: moyo haushuki kasi yake upesi, homoni za msongo kama kotisoli huendelea kutoka, usingizi huja kwa kusuasua. Tafiti za Ulaya kwa wafanyakazi zimeona kwamba wiki ikiisha na kazi nyingi hazijakamilika, watu hulala vibaya mwishoni mwa wiki.

Hobi yenyewe ni dawa

Mtu anaweza kusema: basi aache mkeka, anunue wa plastiki. Huo ungekuwa ushauri mbaya kwa afya yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 na timu ya University College London, UCL, uliwaangalia watu 93,263 wenye umri wa miaka 65 na zaidi katika nchi 16. Wenye hobi walikuwa na dalili chache za sonona, na walisema wana furaha, afya na kuridhika na maisha zaidi ya wasio nayo. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba hobi ndiyo iliyoleta furaha, kwani huenda mwenye afya ndiye anayepata nguvu ya hobi. Na hakuna nchi ya Afrika iliyokuwemo. Lakini uhusiano ulionekana nchi baada ya nchi, na akina bibi zetu waliokaa barazani wakisuka ukili huku wakizungumza wasingeushangaa.

Kusuka kunakusanya mambo mengi ambayo akili inayataka: mikono iliyo na kazi, mwendo unaojirudia, kitu kinachoonekana kukua, na watu wa kukaa nao. Hata ukili wenyewe ni kama ulibuniwa kwa ajili ya mtu asiye na muda mrefu. Ukindu huchanwa siku moja, hutiwa rangi siku nyingine, husukwa kipande kwa kipande, kisha huja kushonwa. Unaweza kusuka shubiri mbili wali ukiwa jikoni, ukaacha, na pale ulipoachia pasiharibike. Bandu bandu huisha gogo.

Kwa hiyo tuwe waangalifu na neno uvivu. Mama wa Mlingotini hakosi bidii. Muda wake umekatwakatwa vipande na watu wanaomtegemea, na kila kipande ni kifupi kuliko kazi inavyotaka. Mwanamume mwenye hobi mara nyingi hupewa jioni nzima. Mwanamke hupewa dakika zilizobaki katikati ya moto na mtoto. Mume anayeosha vyombo mara mbili kwa wiki anampa mkewe mkeka, na anampa usingizi pia.

Kalenda iliyopo baharini

Mlingotini wana kitu ambacho watu wa maofisini hulipia semina kukitafuta: kalenda isiyobishaniwa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huwa katika mstari mmoja na dunia, nguvu zao za kuvuta hujumlishwa, na bahari hujaa sana na kupwa sana. Hilo ni bamvua. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hizo hukingamana, maji hayaendi mbali wala hayaji sana. Hayo ni maji mafu. Kutoka bamvua hadi bamvua ni siku 14 na robo tatu hivi.

Kilimo cha mwani cha vigingi na kamba, kilichoanza kibiashara Unguja mwaka 1989 na baadaye kufika pwani ya bara, kinafuata mzunguko huo. Maji ya bamvua yakitoka, wanawake hushuka kufunga mbegu, kupalilia na kuvuna. Maji mafu wanabaki nchi kavu wakianika na kufanya mengine. Mwani wenyewe huvunwa baada ya wiki sita hivi. Mkulima haufikirii kila saa katika siku hizo. Anajua upo, anajua siku atakayourudia, na katikati yake analala. Kikundi cha wanawake wakulima wa mwani cha hapo Mlingotini kinaitwa Msichoke, na naona siri ya kutochoka iko katika kujua siku ya kurudi.

Hapa ndipo sayansi na bahari zinapokutana. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani, E. J. Masicampo na Roy Baumeister, waliwakumbusha watu malengo yao yaliyokwama, kisha wakawapa kitu cha kusoma. Malengo yale yaliwaingilia wasisome vizuri. Kundi jingine lilikumbushwa vilevile, ila likaombwa kwanza kupanga kwa undani lini na vipi litayatimiza. Kundi hilo lilisoma kwa utulivu. Halikuwa limemaliza chochote. Lilikuwa na mpango tu. Akili haikudai kazi iishe leo. Ilidai kujua kwamba haijasahauliwa.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya mwani na mkeka wa mama yetu. Vyote viwili havijaisha. Mmoja una siku, mwingine una "Inshallah" peke yake.

Namna ya kukipasha kiporo

Anza kwa kuvihesabu. Jioni moja, taja kila ulichokianza na hukukimaliza, hata kilicho darini. Andika kwenye daftari la mtoto au mwambie mtu. Mwaka 2018 Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, aliwachukua vijana 57, akawapa dakika tano kabla ya kulala. Walioandika mambo yanayowangoja walipata usingizi mapema kwa takriban dakika tisa kuliko walioandika waliyokwisha kufanya. Na kadiri walivyoandika kwa undani, ndivyo walivyolala upesi.

Kisha chagua kimoja, au viwili kwa wingi. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi hakuwa na watoto wa kupeleka shule. Vingine vikunje, uviweke mahali usipopita kila siku. Mkeka ulioegemezwa njiani unakudai mara kumi kwa siku.

Kile ulichokichagua kipe siku na kipimo. "Nikipata nafasi" si siku. "Maji yakifa, baada ya alasiri, pima mbili" ni siku na ni kipimo. Asiyeishi kwa bahari atumie kitu kingine kinachorudi chenyewe: Jumamosi baada ya kufua, au nusu saa baada ya watoto kulala.

Ukilazimika kuacha katikati, acha alama. Leroy na mwenzake Theresa Glomb walionyesha mwaka 2018 kwamba mtu aliyekatizwa akichukua muda mfupi kujiandikia alipofikia na atakapoanzia akirudi, fikra zake huhamia kazi mpya kwa ukamilifu zaidi. Kwa msusi, alama inaweza kuwa uzi mwekundu mahali rangi inapobadilika. Kwa mchonga ngoma au mwandishi, inaweza kuwa sentensi moja kwenye karatasi.

La mwisho ni gumu kuliko yote: kubali kwamba vingine havitaisha, na uviage. Tuna tabia ya kushikilia kitu kwa sababu tumeshakigharamia. Hal Arkes na Catherine Blumer walilithibitisha hilo mwaka 1985 nchini Marekani: watu waliolipa bei kamili ya tiketi za msimu wa maigizo walihudhuria zaidi ya waliopewa punguzo, ingawa maonyesho yalikuwa yaleyale. Wazee walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nao walisema kweli kuhusu ahadi kwa watu. Kofia iliyoanzwa kwa ajili ya starehe haina ahadi ya namna hiyo. Carsten Wrosch wa Montreal, Kanada, na wenzake wameona katika tafiti zao kwamba watu wanaoweza kuliacha lengo lisilofikika na kushika jingine lenye maana huwa na hali bora ya moyo kuliko wanaong'ang'ania. Ukili usioutaka mpe jirani ashone. Kugawa nako ni kumaliza.

Pale ambapo si kiporo tena

Kuna hali moja ambayo daftari na uzi mwekundu havitoshi. Mtu aliyependa kusuka akiona hakuna tena rangi inayomfurahisha, akikosa hamu ya mambo aliyoyapenda, akikosa usingizi au chakula, akijiona hana thamani, na hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona. Akiwaza kujidhuru, asingoje hata siku moja. Aende zahanati au kituo cha afya aeleze, na walio karibu wamsindikize. Sonona inatibika, na kumwambia mgonjwa ajikaze hakumponyi.

Kwa sisi wengine, kazi ni ndogo kuliko tunavyoiogopa. Mama wa Mlingotini hahitaji kuumaliza mkeka wake mwezi huu. Jioni anaukunja, anafunga uzi mwekundu pale nyekundu ilipokutana na kijani, anautoa nyuma ya mlango na kuuweka juu ya kabati. Kesho ni bamvua, atashuka pwani na mawazo yake yote. Binti akiuliza tena utaisha lini, anaweza kumjibu, "Kuisha sijui, mwanangu. Ila Jumanne maji yamekufa, Inshallah tunashona pima mbili, na wewe utanishikia ncha."