Setelaiti Ikijiamulia, Kituo cha Ardhini Kinabaki na Kazi Gani?

Mlipuko wa miale ya gama haupigi hodi. Nyota kubwa huporomoka mbali mno na hapa, mmweko wake hudumu sekunde chache, kisha mwanga unaobaki huanza kufifia. Ndiyo maana setelaiti ya Swift, iliyorushwa na NASA Novemba 2004, haisubiri ruhusa ya mtu. Ikinasa mmweko, hukadiria ulikotoka, huhakikisha kuwa kugeuka hakutaelekeza darubini kwenye Jua, Mwezi au Dunia, kisha hugeuka yenyewe.

Wengi hudhani kuwa setelaiti ya aina hii huwapunguzia kazi wahandisi wa ardhini. Naona kinyume chake. Setelaiti ya kawaida ikitazama mahali isikoagizwa, hiyo ni hitilafu, basi. Swift ikifanya hivyo, huenda iko kazini barabara, na huenda inaharibika. Mwendeshaji hawezi kutofautisha kwa kuangalia tu ilipoelekea. Anahitaji kuletewa sababu pia: imeona nini, imelinganisha na nini, imekataa nini. Mfumo usioleta sababu humwacha akibahatisha.

Amri ya binadamu haijaondoka, imetangulia tu. Wapangaji wa Pennsylvania State University huandaa ratiba ambamo kila shabaha ina alama ya umuhimu. Mlipuko mpya ukizidi alama ya shabaha iliyopo, ratiba huwekwa kando. Kukosea alama hizo ni kuifunza setelaiti kupuuza jambo ililotumwa kulitafuta.

Mawasiliano nayo yamegawanywa, na hapo pwani yetu inaingia. Tahadhari, ujumbe mdogo sana, hupitia setelaiti za upokezi za NASA na kufika ndani ya sekunde. Data nzito husubiri Swift ipite juu ya kituo cha Luigi Broglio cha Waitalia, karibu na Malindi. Njia yake haiendi mbali na ikweta, kwa hiyo kituo hicho huiona mara nyingi kwa siku, dakika chache kila mara.

Tahadhari ikishafika, kompyuta huisambaza kwa wanaastronomia duniani bila mtu kuihakiki kwanza. Tarehe 23 Aprili 2009 haraka hiyo iliwezesha darubini za ardhini kupima mlipuko ambao mwanga wake ulisafiri takriban miaka bilioni 13. Mwanasayansi wa zamu huamshwa wakati huohuo, na kazi yake ni kuthibitisha au kutangaza kuwa setelaiti imekosea.