Stelingi Hafi

Ukipita Endasak jioni, utasikia milio ya bunduki kutoka kibanda umiza kabla hujawaona watu. Kijana aliyechelewa nusu saa haulizi kilichotokea. Anauliza tu, "Stelingi ni yupi?" Mengine anayajua: ameonewa, atarudi, atawamaliza wote. Na stelingi hafi.

Hata Rambo alipaswa kufa. Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972 anauawa mwishoni. Filamu ya 1982 ilipotengenezwa, ulirekodiwa pia mwisho ambao anakufa, lakini watu walioonyeshwa kwa majaribio hawakupendezwa nao, ukaachwa. Rambo akaishi, akarudi mwaka 1985, 1988, 2008 na 2019. Kisasi kilekile, vita vingine. Kwa John Wick, mwaka 2014, chanzo kilikuwa mbwa wake kuuawa! (Filamu zetu za Bongo huweka mirathi na mama mkwe mahali pa bunduki.)

Sina ugomvi na burudani. Lakini wapo ndugu wawili, tumbo moja, hawajasalimiana tangu walipomzika baba yao. Kisa ni mpaka wa shamba la mahindi. Kila mmoja alikuja kwangu kwa wakati wake kunieleza. Mpendwa msomaji, nilisikiliza sinema moja mara mbili. Kwa mkubwa, stelingi ni mkubwa na adui ni mdogo. Kwa mdogo, kinyume chake. Wote wawili wanasubiri sehemu ya mwisho, ile ya kulipiza, na kila mmoja ana hakika kwamba yeye hatadhurika.

Petro naye alifikiri hivyo kule bustanini. Maadui wamefika, Mwalimu anakamatwa, basi akachomoa upanga akamkata Malko sikio la kuume (Yn 18:10). Ndivyo hadithi inavyokwenda siku zote. Yesu akamwamuru aurudishe upanga alani, akaligusa lile sikio, akaliponya (Lk 22:51). Kisha akajiacha afungwe. Kesho yake alikufa, tena akiwaombea waliomsulubisha. Wanafunzi walikwisha kukimbia. Nadhani hawakuwa wamewahi kusikia hadithi inayokwenda hivyo.

Wale ndugu nimewaomba waje pamoja Jumamosi, na kila mmoja asimulie habari ya shamba kwa upande wa mwenzake. Mdogo amekubali. Mkubwa amesema, "Padre, niache kwanza nifikiri."