Kimbunga Hidaya na mzigo uliokwama Somanga

JUMAMOSI ya Mei 4, 2024, kimbunga Hidaya kilipoingia kisiwa cha Mafia, nguvu zake zilikuwa zimekwisha pungua, na siku iliyofuata Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba kimetoweka. Kwa mkazi wa Dar es Salaam mambo yaliishia hapo. Boti za Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa, wavuvi walikuwa wameonywa wasiingie baharini, kisha shughuli zikarejea. Lakini kwa mfanyabiashara aliyekuwa na mzigo wa Lindi au Mtwara, hasara ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Mvua iliyoandamana na kimbunga hicho ilikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi katika maeneo kadhaa ya wilaya ya Kilwa, yakiwemo Somanga na Mikereng'ende. Maji yalizoa tuta la barabara pamoja na makalvati yake, yakaacha lami ikining'inia. Ardhi yenyewe ilikuwa imekwisha shiba maji. Siku chache kabla, mwishoni mwa Aprili, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa ameliambia Bunge kwamba mvua za msimu huo, zilizochochewa na El Niño, zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya kaya 51,000 nchini. Kwa siku kadhaa malori na mabasi yalipanga foleni pande zote mbili, na Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, Innocent Bashungwa, alipiga kambi huko kusimamia ukarabati wa dharura.

Ukurasa huu si wa hali ya hewa, ni wa bei. Na jambo ambalo wafanyabiashara wengi wadogo hawalipigii hesabu ni kwamba tufani ya namna hii haiharibu mali nyingi sana ikilinganishwa na inavyoharibu siku. Mali ilikuwapo Kariakoo, wanunuzi walikuwapo Lindi, fedha pia ilikuwapo, tena ingeweza kutumwa kwa simu usiku ule ule. Kilichokosekana ni mita chache za tuta.

Bei mbili za mali moja

Barabara ikikatika, soko moja hugeuka kuwa masoko mawili, na bei huenda pande tofauti. Upande wa kusini wa Somanga, bidhaa zinazotoka Dar es Salaam huadimika: sabuni, biskuti, vipuri, nguo, dawa za dukani. Upande huo huo, mali iliyozoea kwenda Dar es Salaam, kama vile samaki, hurundikana na kushuka bei kwa sababu mnunuzi mkubwa hafikiki. Mchuuzi wa samaki wa Kilwa na mwenye duka wa Lindi hukumbwa na tufani moja, lakini mmoja analia kwa bei kuwa chini na mwingine kwa rafu tupu.

Hata hivyo si kila kitu cha kusini hupita Somanga, na hapa ndipo walanguzi hupata nafasi ya kumdanganya mnunuzi. Mafuta ya petroli na dizeli huingia pia kwa meli katika bandari ya Mtwara. Mahindi na mchele wa Ruvuma hufika Masasi kwa barabara ya Tunduru. Viazi vya Njombe vinaweza kushuka kwa njia hiyo hiyo ya Songea bila kuiona bahari. Saruji inatengenezwa Mtwara kwenyewe, na barabara ya pwani ikifungwa ni mnunuzi wa kaskazini anayeikosa. Kwa hiyo mwenye duka anayempandishia mteja bei ya unga asubuhi ya kwanza kwa kisingizio cha Somanga, huenda unga wake haujawahi kupita Somanga hata siku moja. Mwenye kupandisha bei ya sabuni anayo hoja, maana katoni ijayo itamgharimu zaidi kuifikisha. Mwandishi wa makala hii hamwiti huyo mlanguzi, ingawa wateja wake wanaweza kumwita hivyo.

Kusubiri au kuzunguka

Tuchukue mfano wa kufikirika, lakini wenye viwango vinavyokaribiana na hali ya wakati ule. Mfanyabiashara amekodi lori la tani 10 kutoka Dar es Salaam kwenda Mtwara. Kwa njia ya pwani safari ni kiasi cha kilomita 560. Njia nyingine ya lami ni kupitia Morogoro, Iringa, Makambako, Songea, Tunduru na Masasi, na hiyo ni kiasi cha kilomita 1,600. Tukikadiria kwamba lori hilo linatumia lita moja kwa kila kilomita tatu, na dizeli ni Sh. 3,200 kwa lita, njia ya pwani inakula mafuta ya karibu Sh. 600,000. Njia ya Songea inakula karibu Sh. 1,700,000. Tofauti ni Sh. 1,100,000, yaani Sh. 11,000 kwa kila gunia la kilo 100. Ongeza siku mbili zaidi za barabarani.

Sasa tupige hesabu ya kusubiri. Mzigo una thamani ya Sh. 12,000,000, na mtaji umekopwa kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Hiyo ni Sh. 14,000 kwa siku hata lori likiwa limesimama. Posho ya dereva na utingo tuseme Sh. 30,000. Mwenye lori naye hakubali gari lake lilale bure, tuseme anadai Sh. 150,000. Jumla ni Sh. 194,000 kwa siku.

Kwa hiyo kuzunguka, pamoja na siku zile mbili za ziada, kunagharimu karibu Sh. 1,490,000, sawasawa na kusubiri siku saba na nusu hivi. Aliyebeba sabuni na kuamini kwamba tuta litarudishwa ndani ya wiki moja, afadhali angoje. Aliyebeba nyanya hana cha kungoja, kwani siku ya nne hana nyanya. Na aliyekwisha kufika Somanga ana hesabu mbaya zaidi, kwa kuwa lazima kwanza arudi zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam ndipo aanze safari ya Songea.

Njia ya tatu ni kufaulisha: lori la kaskazini linashusha mzigo, wabeba mizigo wanauvusha kwa vichwa na bodaboda palipokatika, na lori la kusini linapakia. Inafaa kwa mzigo mwepesi wenye thamani kubwa, kama simu au vitenge. Kwa saruji au soda ni kujitafutia hasara, achilia mbali wizi.

Msomaji atatambua kwamba hesabu yote hii inategemea tarakimu moja tu, idadi ya siku. Chuoni tulifundishwa kukokotoa riba, uchakavu na gharama za ghala. Hatukufundishwa namna ya kumpigia simu dereva aliyekaa kwenye foleni na kumwuliza kama greda limefika na mawe yanamwagwa kutoka upande gani. Simu hiyo ina thamani kuliko tangazo lolote la kikao cha tathmini.

Deni la mali kauli

Wenye kuumia zaidi, kwa maoni ya ukurasa huu, si wale waliokuwa kwenye foleni. Biashara kati ya Kariakoo na miji ya kusini huendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa mali kauli. Mwenye duka la jumla humpa mteja wake wa Nachingwea au Newala mzigo bila fedha taslimu, akalipwa mzigo ukishauzwa, ndipo mzigo mwingine utolewe. Mzunguko huo wa siku 10 au 14 ukikatika, mteja wa kusini hana mali ya kuuza, hivyo hana fedha ya kulipia mzigo wa nyuma. Mwenye duka la jumla naye ana deni kwa mwagizaji. Yeye hakunyeshewa hata tone, lakini tufani imemfikia dukani kwake mtaa wa Kongo.

Bima haimwokoi. Bima ya mzigo safarini hulipa mzigo ukizama, ukipinduka au ukilowa, kwa kadiri mkataba unavyosema. Hasara inayotokana na kuchelewa peke yake kwa kawaida imeondolewa katika mikataba hiyo, hata pale ucheleweshaji ulipoletwa na janga ambalo lenyewe lina bima. Mwenye kutaka kuhakikisha na asome kifungu cha mambo yasiyolipwa, ambacho aghalabu huchapwa kwa herufi ndogo kuliko zote.

Karafuu za 1872

Kwamba tufani humnyang'anya mmoja ikampa mwingine si jambo geni pwani hii. Aprili 15, 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash bandarini. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu unahitaji miaka sita na zaidi kabla ya kuzaa, kwa hiyo Unguja haikuweza kujibu haraka. Bei ya karafuu ilipanda na wenye mashamba wa Pemba ndio waliovuna. Tangu hapo Pemba ndiyo kisiwa kikuu cha karafuu. Miaka 80 kamili baadaye, Aprili 15, 1952, kimbunga kingine kiliipiga Lindi.

Vimbunga ni nadra kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauupi upepo msokoto wa kutosha. Nadra hiyo ina hatari yake kibiashara. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipotarajiwa kufika, Mtwara ilifunga shule na ofisi, watu wakahamishwa kutoka mabondeni, kisha kimbunga kikapiga Cabo Delgado, Msumbiji. Aprili 2021 Jobo kilitangazwa kuelekea pwani yetu na kikafifia kabla ya kufika. Mwenye duka aliyejaza ghala mara zote mbili alibaki na mali aliyoikopea. Haishangazi kwamba wengine walipuuza tahadhari iliyotolewa siku chache kabla ya Hidaya, tena mwezi Mei, wakati msimu wa vimbunga katika Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi huhesabiwa kuwa unaishia Aprili.

Mwezi huo Mei una uzito mwingine kusini. Ndio wakati ufuta wa Lindi unapokaribia kuvunwa na mingine imeanza kukatwa. Mvua ikinyesha juu ya ufuta uliokauka, vitumba hupasuka na punje kumwagika, na zinazobaki hubadilika rangi na kukataliwa mnadani au kushushwa daraja. Wenye korosho walikuwa na wasiwasi tofauti, kwa sababu mazao yao ni ya kuanzia Oktoba. Hofu yao ilikuwa salfa na pembejeo nyingine kuchelewa shambani.

Meli ilikwenda wapi?

Wasomaji wenye umri watakumbuka kwamba kusini kutofikika wakati wa masika lilikuwa jambo la kawaida. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na barabara ya udongo ya Somanga ilikuwa maarufu kwa kumeza malori. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipofunga barabara, watu walitegemea meli kama MV Canadian Spirit kati ya Dar es Salaam na Mtwara. Mwenye duka wa Mtwara wa enzi hizo alinunua akiba ya miezi, kwa kuwa hakuwa na chaguo.

Lami ilifuta tabia hiyo. Mwenye duka wa leo hununua mzigo wa wiki moja kwa sababu basi linafika siku ile ile, na mtaji wake mdogo unazunguka mara nyingi zaidi kwa mwaka. Hiyo ni faida halisi na hakuna sababu ya kuirudisha nyuma. Isipokuwa meli za abiria na mizigo ziliachwa zipotee barabara ilipokamilika, ingawa gati la Mtwara lilipanuliwa na makaa ya mawe ya Ruvuma yakaanza kupakiwa hapo kwenda nje. Bandari inayoweza kupokea meli ya makaa haikuwa na meli ya kuleta sabuni kutoka Dar es Salaam.

Baada ya Hidaya Serikali ilitia saini mikataba ya kujenga madaraja mapya mahali barabara ilipokatika. Aprili 2025, kazi ikiwa bado inaendelea, maji yaliikata tena barabara hiyo katika eneo la Somanga. Safari hiyo hapakuwa na kimbunga, ilikuwa mvua ya masika tu.