Kicheza Muziki cha Mawe: Kifaa Kisichozikwa na Betri Yake

Je, wajua kwamba betri ya AA unayoweza kununua leo kwenye duka la mtaani itaingia barabara ndani ya kicheza kanda cha Sony, Walkman, kilichotengenezwa Japani mwaka 1979? Kama mkanda wa mpira unaozungusha kanda haujakatika, muziki utalia. Sasa itazame simu yako ya miaka minne iliyopita. Chaji yake haifiki tena jioni, betri imebandikwa kwa gundi chini ya kioo, na fundi akikutajia bei ya kuibadilisha unaanza kuwaza simu mpya.

Vijana wengi huwashangaa watu ambao, pamoja na kuwa na simu ya kisasa mfukoni, bado wanatembea na kicheza muziki kidogo chenye vitufe vinne na kifuniko cha betri mgongoni. Hudhani ni mapenzi ya vya kale. Mapenzi hayo yapo, lakini sababu yenye nguvu zaidi iko chini ya kile kifuniko.

Kipimo cha zaidi ya karne

Betri ya AA ina kipenyo cha milimita 14.5 na urefu wa milimita 50.5. Ndugu yake mwembamba, AAA, ina milimita 10.5 kwa 44.5. Kampuni za Marekani zilianza kuuza betri za umbo la AA mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1947 kipimo hicho kikawekwa rasmi katika viwango vya nchi hiyo. Tangu hapo redio, tochi, saa na kamera zimezaliwa na kufa, lakini tundu la betri limebaki lilelile.

Kilichobadilika ni kilichomo ndani. Mfaransa Georges Leclanché ndiye aliyeunda, katika miaka ya 1860, betri ya zinki na manganizi ambayo ni babu wa betri kavu tunazozijua. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mhandisi Mkanada Lewis Urry, akifanya kazi katika kampuni ya Eveready, alitengeneza betri ya alkali, inayodumu mara kadhaa zaidi ya ile ya kawaida. Lakini ya zamani haikufutika. Ndiyo ile ya bei nafuu ambayo wengi wetu tumeiita jiwe: mawe ya tochi, mawe ya redio. Kiwanda cha Eveready cha Nakuru, Kenya, kiliyatengeneza tangu miaka ya 1960 hadi kilipofungwa mwaka 2014.

Aliyekulia katika nyumba ya redio ya mawe anayo elimu ya betri bila kuingia maabara. Anajua kwamba mawe yaliyoshindwa kuendesha redio yanaweza kuendesha saa ya ukutani miezi mingine kadhaa, kwa sababu saa hudai umeme kidogo mno. Anajua pia kuyaanika juani. Watu walipoona mawe yaliyoanikwa yanalia tena kwa nusu saa, walidhani jua limeyajaza. Sivyo. Joto huchangamsha kemikali zilizobaki na kupunguza ukinzani ndani ya betri, ndipo kile kidogo kilichosalia kikatoka. Ni sawa na kukamua nazi mara ya pili: tui linatoka, lakini nazi haijaongezeka.

Mashine isiyorekodi

Walkman ya kwanza, TPS-L2, iliingia madukani Japani tarehe 1 Julai 1979 kwa bei ya yeni 33,000. Ilitumia mawe mawili ya AA. Haikuwa na spika, wala haikuweza kurekodi, na hilo liliwatia wasiwasi hata baadhi ya watu wa Sony wenyewe: nani atanunua mashine ya kanda isiyorekodi? Ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni ili wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha rangi ya chungwa kilichopunguza muziki na kuwasha maikrofoni ili wasemezane bila kuvua hedifoni. Sony ilitengeneza 30,000 za kuanzia. Mwezi wa kwanza ziliuzwa takriban 3,000 tu, lakini Agosti ilipokwisha zote zilikuwa zimetoka.

Kanda na mawe vilikuwa na lugha yao. Betri ikichoka, mota huzunguka polepole, na mwimbaji wa kike anaanza kuimba kama mzee mwenye mafua. Hapakuhitajika alama ya asilimia kwenye kioo. Kila mmoja aliyekuwa na kanda alijua pia kuirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic, ambayo pembe zake sita hukamata meno ya kanda sawasawa. Kurudisha kanda kwa mota kulikula mawe bure. Mkono haukuwa na gharama.

Jiwe moja, nyimbo nane

Muziki wa kidijitali nao ulianza na betri za kubadilishwa. Mwaka 1998 kampuni ya Diamond Multimedia ya Marekani ilitoa Rio PMP300, moja ya vicheza MP3 vya mwanzo kabisa. Ilikuwa na megabaiti 32 za kumbukumbu, sawa na nusu saa ya muziki wenye ubora wa kuridhisha, yaani nyimbo nane hivi. Ilitumia jiwe moja la AA.

Jiwe moja hutoa volti 1.5, na chipu za kifaa cha namna hii zinataka kama volti 3. Dawa ni koili ndogo na swichi ya kielektroniki inayojifunga na kujifungua maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde. Kila inapojifunga, koili inahifadhi nishati. Inapojifungua, koili inaisukuma nishati hiyo mbele kwa volti za juu zaidi. Saketi hiyo huweza kuendelea kulinyonya jiwe hadi likaribie volti 0.9, ambapo redio nyingi za zamani zingekuwa zimenyamaza kitambo. Ndiyo sababu vicheza MP3 vilivyofuata viliweza kupiga muziki kwa saa 12 au zaidi kwa betri moja ya AAA, nyembamba kuliko kidole.

Kisha, tarehe 23 Oktoba 2001, ikaja iPod: gigabaiti 5, nyimbo 1,000 mfukoni, na betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba wanunuzi wengi hawakuuliza kifuniko kiko wapi. Waliuliza baadaye, betri zilipoanza kuchoka. Mwaka 2003 ndugu wawili wa New York, Casey na Van Neistat, walitengeneza filamu fupi inayowaonyesha wakipiga chapa juu ya matangazo ya iPod mitaani, kuwaonya watu kwamba betri yake haibadilishwi na hudumu miezi 18 tu. Mwishoni mwa mwaka huo Apple ilikuwa ikitoa huduma ya kubadilisha betri kwa dola 99.

Kwa nini lithiamu huzeeka

Betri ya lithiamu haikosi sifa. Kwa uzito uleule hubeba nishati nyingi kuliko betri nyingine za kuchaji tunazozijua, na bila hiyo simu nyembamba zisingekuwepo.

Tatizo lake ni uzee. Kila unapochaji, utando mwembamba juu ya grafiti iliyo ndani hunenepa kidogo na kumeza sehemu ya lithiamu. Kilichomezwa hakirudi. Betri ya kawaida ikishachajiwa na kutumika mara 300 hadi 500, mara nyingi hubaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake. Joto huharakisha mambo, na kukaa imejaa pomoni kwa muda mrefu vilevile. Tena huzeeka hata ikiwa kabatini bila kuguswa.

Maana yake ni kwamba katika kicheza muziki, chipu inaweza kuishi miaka 20, vitufe miaka 15, lakini betri imeandikiwa kufa mapema. Ukiifungia ndani kwa gundi, umevifunga vyote katika sanda moja. Ukiiwekea kifuniko, betri hufa peke yake na kifaa kikaendelea.

Kitochi kilichoacha urithi

Mfano mzuri kuliko yote hatuhitaji kuufuata mbali. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu ya 1100, yenye tochi kichwani. Ni katika ukoo wa simu hizi Watanzania walipopata jina la kitochi, na Wakenya mulika mwizi. Simu hiyo moja iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Betri yake, BL-5C, ni kibamba cha lithiamu cha volti 3.7, kinachotoka kwa ukucha.

Betri hiyo ilipojaa kila kibanda, viwanda vya China viliona fursa. Redio ndogo za FM zenye tundu la memori kadi na flashi, zile zinazopiga taarabu ukumbini na mawaidha barazani, nyingi zikatengenezwa kwa tundu la BL-5C. Hakuna kamati iliyokaa kuiweka kuwa kipimo rasmi. Ilikuwa kipimo kwa kuwa ilipatikana. Mtu anaweza kuwa na mbili, moja ndani ya redio na nyingine kwenye chaja ya kubana, ile ambayo baadhi huiita kobe.

Faida ya kifuniko ilionekana wazi Agosti 2007, Nokia ilipotangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na Matsushita zingeweza kupata joto kali wakati wa kuchajiwa. Mwenye simu aliambiwa afungue mgongo, asome namba, na kama ni miongoni mwa hizo apewe betri nyingine. Simu ilibaki kwake. Mwaka 2016 Samsung ilipopata tatizo la betri zilizowaka ndani ya Galaxy Note 7, ambazo mtumiaji hakuweza kuzitoa, ilibidi simu nzima zirudishwe, na mwishowe toleo lote likafutwa.

Kazi moja, chaji yake

Wapenzi wa vifaa hivi wana sababu nyingine isiyohusu kemia. Kicheza muziki hakipigiwi simu. Hakiulizi bando, hakileti ujumbe wa kundi la harusi katikati ya wimbo, na vitufe vyake unavipapasa gizani au mfukoni bila kutazama, jambo ambalo kioo cha kugusa hakikupi. Kwa asiyeona, hiyo si anasa. Ni tofauti kati ya kujitegemea na kumwita mtu.

Kuna pia hesabu ya chaji. Pale umeme unapokatika tangu asubuhi, kila saa ya muziki kwenye simu ni saa iliyochotwa kwenye M-Pesa na simu za dharura. Mwenye kifaa cha mawe ametenga mifuko miwili: ya kazi na ya starehe. Muziki ukiisha, biashara haisimami.

Haki itendeke pande zote. Kifaa kilichofungwa huwa chembamba, na ni rahisi zaidi kukizuia kisiingie maji. Mawe ya kutupa, ukiyanunua kila wiki, yatakugharimu kuliko kuchaji, na yakitupwa hovyo huchafua ardhi. Ndiyo sababu wasikilizaji wengi wa namna hii wamehamia betri za AA na AAA za kuchaji, za nikeli. Hizi hutoa volti 1.2, huchajiwa mamia ya mara, na tangu Sanyo ya Japani ilipoleta Eneloop mwaka 2005, zipo zinazokaa mwaka mzima kabatini na bado zikawa na chaji nyingi. Zikichoka, tundu linazisubiri nyingine.

Hoja hii sasa imeingia kwenye sheria. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inaagiza kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya mkononi vinavyouzwa huko ziwe ni za kuweza kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa vifaa vichache vilivyotajwa. Kile ambacho mwenye kitochi alikifanya kwa ukucha, Ulaya imekiandikia kanuni.

Kwa hiyo ukienda kununua kicheza muziki, kabla hujauliza kina gigabaiti ngapi, kigeuze mgongo utafute kifuniko. Na kama unayo redio ya mawe iliyolala kabatini, itoe mawe leo. Zinki ya jiwe la kawaida ndiyo ganda lake, nayo huliwa kadiri jiwe linavyotumika, hadi siku moja litoboke na kuvuja. Usichanganye mawe mapya na yaliyochoka, wala usiyang'ate. Ukikuta betri ya alkali imekwisha kuvuja na kuacha unga mweupe kwenye vyuma, chovya pamba katika maji ya ndimu, futa taratibu, kausha, kisha tia mpya. Mara nyingi redio italia.