Kutoka Kwanta hadi Newton: Maana ya Kikomo

Tangu Isaac Newton alipochapisha kanuni zake za mwendo mwaka 1687, ilikubalika kwamba kila kitu hufuata njia moja inayokokotoleka. Mekanika ya kwanta, iliyoundwa mwaka 1925 na 1926, ilitikisa imani hiyo: elektroni haina njia moja, bali huelezwa kwa wimbi lioneshalo uwezekano wa kuipata hapa au pale. Hata hivyo, embe lililoiva bado huanguka kama Newton alivyosema. Ikiwa embe ni mkusanyiko wa atomi, na kila atomi hutii kwanta, utii huo kwa Newton watoka wapi?

Jibu la kwanza limo katika ukubwa. Mwaka 1924 Louis de Broglie alieleza kwamba urefu wa wimbi la kitu ni kisobadilika cha Planck kikigawanywa kwa zao la tungamo na kasi. Wimbi la elektroni ndani ya atomi hukaribia upana wa atomi yenyewe. Wimbi la embe la gramu 200 liendalo meta 10 kwa sekunde lina urefu wa takriban meta 3.3 × 10⁻³⁴, dogo mno hata kwa kulinganishwa na kiini cha atomi. Mwaka 1927 Paul Ehrenfest alionesha kwamba, wimbi likiwa limejikusanya katika eneo finyu, wastani wa mahali pa kitu hufuata njia ya Newton.

Jibu hilo halijitoshelezi, kwani kwanta huruhusu hata kitu kikubwa kuwa katika hali mbili kwa pamoja. Dieter Zeh mwaka 1970, na Wojciech Zurek kuanzia 1981, walielekeza macho kwenye mazingira. Molekuli za hewa na mwanga hukigonga kitu bila kukoma, zikabeba habari za mahali kilipo. Mwingiliano wa mawimbi yake hufifia usionekane. Kwa nini hatimaye tokeo moja tu hujitokeza, bado wataalamu wanajadiliana.

Katika Kiswahili cha hisabati, kikomo ni thamani inayokaribiwa, wala si ukuta. Maana hiyo yafaa hapa. Huko Vienna, mwaka 1999, molekuli za atomi 60 za kaboni zilionesha tabia ya mawimbi. Mwaka 2019 zilifuata molekuli za takriban atomi 2,000. Ulimwengu wa Newton, basi, si nchi jirani ya kwanta, bali ni sura ya kwanta yenyewe ikitazamwa kwa mbali.