Kagua Mkanda wa Cherehani Kabla ya Kumwita Fundi

Ifikapo Desemba, wazazi wa Kilindoni, Kirongwe, Baleni na kata nyingine huanza kupeleka vitambaa vya sare za shule kwa washonaji. Cherehani inayosimama wiki mbili katika msimu huo humgharimu mwenyewe kuliko bei ya kipuri chochote. Kwa vikundi vilivyonunua cherehani kwa mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu), jambo hili lina uzito zaidi: mkopo huo hauna riba, lakini tarehe ya marejesho haisubiri mashine itengemae. Nayo cherehani inayodhaniwa kuwa imekufa, si mara chache huwa imelegea mkanda tu.

Katika cherehani ya miguu, mkanda wa ngozi huunganisha gurudumu kubwa la chini na gurudumu la mkono lililo juu. Ikiwa gurudumu la chini linazunguka, lakini la juu linasita au linasimama sindano inapokutana na upindo mzito wa suruali, mkanda unateleza. Ikiwa gurudumu la mkono linazunguka vizuri na sindano haishuki, mkanda hauna kosa. Aghalabu skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu hilo ililegezwa wakati wa kujaza bobini na haikukazwa tena. Wapo waliomlipa fundi kwa kazi hiyo ya nusu dakika.

Pale ambapo mashine nzima ni nzito, uvuliwe mkanda kwanza, kisha gurudumu la mkono lizungushwe kwa vidole. Likiwa jepesi, kichwa cha cherehani ni kizima na kasoro iko kwenye mkanda au kanyagio. Likiwa zito, kukaza mkanda hakutasaidia kitu, kutauchosha tu. Ziondolewe nyuzi zilizokwama mahali panapokaa bobini, kisha yaangaliwe mafuta. Mafia ni kisiwa cha minazi, na katika nyumba nyingi chupa ya mafuta ya nazi iko karibu kuliko ile ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi hulainisha chuma siku ya kwanza, lakini baada ya muda hushikana na vumbi na kuwa utando unaonata. Matone machache ya mafuta ya taa, mbali na moto, huuyeyusha utando huo. Baada ya kufuta kwa kitambaa ndipo yawekwe mafuta halisi ya cherehani. Mkanda usirudishwe kabla magurudumu hayajakauka, kwa kuwa ngozi iliyolowa mafuta huteleza na kutanuka.

Unyevu nao hutanua ngozi, hivyo mkanda uliokaa sawa wakati wa kiangazi unaweza kulegea masika. Mkanda mzuri, ukibonyezwa kwa kidole katikati, huingia ndani kama sentimita 1. Uliolegea hukatwa kidogo na kuunganishwa upya: pini ya waya hufunguliwa kwa koleo, ncha moja hupunguzwa kwa kisu kikali, tundu jipya hutobolewa kwa msumari mwembamba, kisha pini hurudishwa na kubanwa mpaka ncha mbili zigusane bila kupandana. Asikate mtu zaidi ya sentimita 1 kwa mara moja. Ngozi iliyokatwa hairudi, na mkanda uliokazwa kupita kiasi huifanya miguu ichoke kabla ya saa sita.

Cherehani ya umeme hutumia mkanda wa mpira, nao haukatwi wala kuunganishwa. Baada ya kuchomoa waya kwenye soketi, mota husogezwa kwa kulegeza skrubu zinazoishikilia, hadi mkanda ukae sawa. Mpira wenye nyufa au uliong'oka meno ubadilishwe. Mkanda uliokaza mno huitia mota joto, na mota ni ghali kuliko mkanda mara nyingi.

Mkanda wa ngozi huuzwa ukiwa mrefu, kwa kawaida takriban inchi 72, na hukatwa kufuata mashine, kwa hiyo haumsumbui mnunuzi. Wa mpira ndio unaokosewa. Mzigo kutoka Kariakoo hupita Nyamisati na kuvuka bahari, na kipimo kibaya huwa na maana ya safari ya pili. Uzi uzungushwe kwenye magurudumu yote mawili, ukatwe, kisha upimwe kwa futi ya mshonaji, na urefu huo uandikwe pamoja na aina ya mashine, iwe Singer, Butterfly au nyingine. Mkanda wa zamani, hata uliokatika, usitupwe. Apewe anayekwenda Dar es Salaam auonyeshe dukani.