Maradhi ya Hospitalini na Ibra ya Kipimajoto

Mgonjwa aingiapo hospitalini hutaraji kutoka na siha njema kuliko aliyoingia nayo, na tarajio hilo ni haki yake. Walakini yako maradhi ambayo makao yake hasa ni hospitalini, yanayowavizia wale waliokwisha kudhoofishwa na upasuaji, na mipira iliyopitishwa katika mishipa yao, na wingi wa dawa za kuua bakteria. Miongoni mwayo ni yale yaletwayo na kuvu iitwayo Candida auris, iliyoelezwa kwanza Japani mwaka 2009 baada ya kupatikana katika sikio la mgonjwa, na ambayo haikupita miaka mingi ila ilikwisha kudhihiri katika mabara kadhaa, na Kenya pia.

Kuvu hii ni hasimu mgumu kwa sababu tatu. Kwanza, aghalabu haidhuriki kwa flukonazoli, dawa waliyoizoea matabibu. Pili, vipimo vya zamani vya maabara huidhania kuwa kuvu nyingine ya ukoo wake, hata tabibu akaelekezwa kwenye dawa isiyofaa. Tatu, hupenda kukaa juu ya ngozi, hasa makwapani na kinenani, na huweza kudumu wiki kadhaa juu ya vitanda na vyombo vya tiba, ikingoja mkono wa kuihamisha.

Yaliyotokea Oxford, Uingereza, kati ya mwaka 2015 na 2017 yana ibra kubwa. Watu 70 walionekana na kuvu hii, karibu wote wakiwa wamepitia chumba kimoja cha wagonjwa mahututi wa maradhi ya ubongo, na 7 kati yao ikawapenya hata ndani ya mwili. Hadhari za kila namna zilichukuliwa, na bado wagonjwa wapya wakazidi kupatikana; mpaka wachunguzi walipowalinganisha walioambukizwa na waliosalimika, ndipo ilipobainika kuwa vipimajoto vya kwapani, vilivyotumiwa kwa mgonjwa huyu kisha kwa yule, ndivyo vilivyoieneza. Vilipoondolewa, maambukizi yakapungua.

Tabibu mwenye maarifa hupambanua kwanza kati ya aliyebeba kuvu ngozini tu na aliyeugua kwayo. Wa kwanza hapewi dawa ya kuvu, maana kumpa ni kuizoeza kuvu hiyo kuishinda dawa, bali hutengwa, na wamhudumiao huvaa glavu na joho na kunawa mikono. Wa pili, ikiwa kuvu imeingia katika damu, mtu mzima huanzishiwa dawa za jamii ya ekinokandini, mpira wa mshipani huondolewa iwezekanapo, na damu hupimwa tena na tena mpaka itakasike, kisha dawa huendelea kwa wiki mbili. Chumba nacho husafishwa kwa dawa yenye klorini, kwa kuwa baadhi ya dawa za kawaida za kusafishia haziiui kuvu hii.

Kwa hiyo wakuu wa hospitali wasidhani kwamba dawa ghali pekee itawaokoa wagonjwa wao. Mhudumu afutaye kitanda na muuguzi atakasaye kipimajoto wana sehemu katika tiba sawasawa na daktari aandikaye dawa, na ni wajibu kuwapa mafunzo, vifaa, wasaa wa kutosha na heshima inayolingana na amana hiyo.